Mkono Haujabadilika

2 Machi
Mvua imeanza leo mchana. Nimeweka sufuria chini ya bati linalovuja ukumbini, na ndoo mlangoni mwa karakana. Daftari hili jipya nitaliandika mpaka mvua ziishe, kama nilivyofanya mwaka jana: tarehe, hali ya hewa, kazi iliyofanyika, na mambo nisiyoweza kumwambia mtu.

Kazi: muhuri wa shule, kibao cha mlango wa daktari wa meno, pete ya ndoa yenye herufi mbili kwa ndani. Vyote nimechonga mimi. Vyote vina alama ya Baba.

3 Machi
Mvua. Daktari wa meno amechukua kibao chake. Kamsifu Baba, Baba kashukuru.

5 Machi
Manyunyu tu. Kwa kuwa daftari hili halina mdomo, niandike wazi.

Mikono ya Baba inatetemeka. Ilianza miaka mitatu iliyopita, kidole gumba kwanza, kisha mkono mzima. Kuchonga shaba si kuandika kwenye karatasi. Unaisukuma kalamu ya chuma kwa kiganja, nayo inalima mfereji mwembamba usiofutika. Mkono ukicheza, bamba limeharibika. Kwa hiyo nachonga mimi, chumba cha nyuma, mlango nimeurudishia. Baba anakaa mbele, dirishani, lenzi jichoni, kipande cha shaba kibovu juu ya mto wa ngozi uliojaa mchanga, ili wapita njia wamwone. Mteja akiingia, mikono inashuka chini ya meza.

Chama cha wachonga nakshi kina sheria moja: kazi yenye alama ya fundi ichongwe na mkono wa fundi huyo. Ikijulikana vinginevyo, alama yake inafutwa kwenye ubao wa chama, na mihuri ya maofisi, ambayo ndiyo inayotulisha, wanapewa wengine. Mimi sina alama. Ili niipate lazima nichonge mbele ya mafundi wakuu, na nikichonga mbele yao wataugundua mkono pale pale. Watasema, mbona huu ndio tunaouona kwenye kazi za mzee siku hizi? Baba ndiye aliyenifundisha. Mkato wangu na wake wa zamani ni mapacha. Nina miaka thelathini na nne. Ninangoja, na sipendi kuandika ninangoja nini.

9 Machi
Mvua kubwa asubuhi. Amekuja Unywele.

Hilo ndilo jina lake la kazini, kwa sababu ya wembamba wa mistari yake. Baba wanamwita Maji, kwa kuwa herufi zake zinatiririka. Walijifunza kwa fundi mmoja, wakiwa vijana, na tangu hapo kila mmoja humpelekea mwenzake bamba la salamu siku ya kuzaliwa. Desturi ni ya mafundi wote hapa, ila hawa wawili hawajawahi kuruka mwaka. Mgeni analeta bamba alilochonga salamu. Mwenye siku anachonga chini yake mstari mmoja wa shukrani, papo hapo, mbele ya watu. Kisha mkubwa wa wageni anautazama kwa lenzi na kusema, "Mkono haujabadilika." Wote wanaitikia. Ndipo chakula kinaletwa.

Mwaka juzi mafuriko ya mtaa yalituokoa, hakuna mgeni aliyefika. Mwaka jana Baba alikuwa na homa siku yake. Homa hiyo niliitunga mimi.

Unywele aliingia kamshika bega mkwewe, mke wa mwanawe, kwa madaha kama mfalme anayeingia ikulu.

"Hodi, Maji! Bado hujakauka?"

"Nikauke vipi na bati hili? Karibu, Unywele. Na wewe bado hujang'oka?"

"Nimebaki huu mmoja, bwana."

Akakaa. Akaokota mezani kibao ambacho nilikuwa nimekimaliza jana, akakipapasa kwa kidole gumba kama mtu anayenunua kitambaa. Hata lenzi hakuitoa mfukoni.

"Mkono unazidi kuwa kijana," alisema. "Sijui unakula nini mwenzangu."

Baba alicheka. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na sikucheka. Nilihisi maneno yale yamerushwa juu ya kichwa cha Baba ili yanifikie mimi.

Alipomaliza chai alikiweka kikombe pembeni, nje ya meza. Kikavunjika. Hakuomba radhi. "Meza zenu zimepungua," alisema, akacheka. Nikafagia vigae miguuni pake.

Ya kuangalia: mkwe hakuinywa chai yake. Alikuwa akitazama mikono yangu.

10 Machi
Mvua. Kazi kidogo.

14 Machi
Jua la asubuhi, mvua jioni. Nimechonga bamba la salamu la Unywele. Baba alikuwa akitembea nyuma yangu akitafuta maneno.

"Andika, 'Kwa Unywele, ambaye sote tunajifunza kwake.'"

"Baba, mwaka jana tuliandika hivyo hivyo."

"Basi andika, 'Kwa Unywele, mwembamba kuliko wote, mkubwa kuliko wote.'"

"Unamsifu hivyo kweli, au ni desturi?"

Akaanza tena kutembea. Kisha akasema, "Wewe chonga."

16 Machi
Mvua mchana kutwa. Siku ya kuzaliwa ya Unywele, nyumbani kwake. Naandika kwa urefu, maana sikupenda chochote nilichokiona.

Kwanza, hakuchonga mstari wa shukrani. Kidole cha shahada kilikuwa kimefungwa kitambaa. Mlango umembana, alisema. Watu wakampa pole. Mimi nilikitazama kile kitambaa: kisafi, hakina hata doa la damu, na kidole kilikuwa kikigongagonga meza bila maumivu.

Pili, bamba letu lilipofunguliwa, alilipapasa tena kwa gumba, polepole, herufi moja moja. "Maji, Maji," alisema, "unanitia aibu mzee mwenzio." Mafundi wakacheka. Baba alikuwa ameficha mikono ndani ya koti, akisema anasikia baridi.

Tatu, Mwenyekiti wa chama alisimama kutangaza. Maktaba mpya inataka bamba kubwa la mlangoni, lenye maua pembe zote nne na maandishi katikati. Kazi kama hiyo haijatokea tangu mimi nizaliwe. Chama kimechagua watu wawili, apewe mmoja wao: Maji au Unywele.

Hapo ndipo nilipoona maajabu. Mtu yeyote angeipigania kazi ile. Unywele alisimama haraka, akakaribia kuangusha kiti.

"Mpeni Maji! Mimi nani mbele ya Maji?"

"Hapana," Baba akasema, "mpeni Unywele. Mstari wake mwembamba unafaa maua."

"Maua si kitu. Maandishi ndiyo kazi. Mpeni Maji."

"Mimi nasema Unywele."

"Jamani," alisema Mwenyekiti, "mnasukumiana kazi kama sahani ya mwisho mezani."

Wote wakacheka, wakasema hayo ndiyo mapenzi ya wakubwa. Baba alikuwa na sababu yake ninayoijua. Lakini Unywele? Mtu mzima wa afya, anatupa kazi ya maisha yake na kumpa mwenziwe? Halafu akaongeza: "Tungoje siku ya Maji, mwezi ujao. Mwaka jana alitukimbia na homa. Safari hii achonge mstari wake mbele yetu sote, tushibe macho. Akishachonga, nani atauliza tena kazi apewe nani?"

Anajua. Sina shaka anajua. Anataka Baba ashike kalamu mbele ya chama kizima.

17 Machi
Mvua. Nimemwuliza Shangazi, dada yake Baba tunayeishi naye, anamwonaje Unywele.

"Namwona mzee," alisema. "Ulitaka nimwoneje?"

"Sifa zote zile, Shangazi. Mtu anayekupenda hakupaki mafuta kila siku."

"Wewe mtoto, ukiambiwa umependeza unauliza kwani jana nilikuwaje. Lete hizo kunde nizichambue."

Shangazi hajui habari za mikono. Anadhani Baba hapendi tena kushika vikombe kwa sababu ya uvivu.

21 Machi
Jua. Nimekutana na Unywele mbele ya duka la vyuma, uso kwa uso. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mzee." Mvua haikuwapo wala gari halikuwapo la kumziba masikio. Alinipita kama mlingoti. Mkwe aliyekuwa naye akamnong'oneza kitu, ndipo akageuka na kusema "Marahaba, mwanangu, marahaba," kwa sauti kubwa, akitazama mlango wa duka. Hata kunitazama hataki.

22 Machi
Mvua. Bati la pili limeanza kuvuja.

28 Machi
Mvua usiku, mchana mawingu. Mkwe wa Unywele amekuja peke yake. Anasema jiwe lao la kunolea limevunjika, tumwazime letu la akiba siku chache. Jiwe la Unywele, ambalo analijua kila fundi, livunjike! Nimempa. Alinishukuru kwa heshima zote. Mlangoni akasimama.

"Kalamu yako unainoa mwinamo gani?" aliuliza.

"Kalamu ya Baba," nikamsahihisha.

"Samahani. Ya Mzee."

Akaondoka. Sijala chakula cha mchana. Ametumwa kupeleleza. Huyu ndiye mpelelezi mwenyewe: mpole, mwenye adabu, macho makavu.

2 Aprili
Mvua. Unyevu umeyafanya mabamba ya ukutani yaote ukungu wa kijani, nimeyashusha yote nikayasugua kwa limau na chumvi. Ni mabamba ya salamu ya Unywele kwa Baba, tangu wakiwa vijana. Nilikuwa nikiyakausha dirishani moja baada ya jingine, na hapo nimeona jambo.

Tunaposukuma kalamu tunailaza kidogo, kwa hiyo ukuta mmoja wa mfereji huwa mpana kuliko mwingine, na huo mpana ndio unaong'aa. Mtu wa mkono wa kulia analaza upande wake, wa kushoto analaza wake. Ukilielekeza bamba dirishani na kuliinamisha, utajua. Mabamba yote ya Unywele yanang'aa ukiyainamisha kulia, isipokuwa matatu ya mwisho. Hayo hayakung'aa mpaka nilipoyainamisha kushoto.

Unywele anachonga kwa mkono wa kulia.

Nimeyarudia mpaka limau likaniwasha vidole. Mistari ni myembamba vilevile, maua yale yale, hata ile tabia yake ya kurefusha mkia wa herufi ya mwisho. Ila ni mkono wa mtu mwingine.

3 Aprili
Mvua. Hasira zangu hazijashuka. Miaka mitatu rafiki wa Baba hajajisumbua hata kumchongea salamu! Amempa kibarua fulani wa kushoto, akatia alama yake, akaleta hapa kwa mbwembwe, nasi tukaitundika ukutani. Na huyo ndiye anayetaka kumvua Baba nguo mbele ya watu.

(Najua na mimi nimefanya nini. Lakini sisi tuna sababu.)

6 Aprili
Mvua na upepo. Leo nimemkuta Baba karakanani akijaribu. Ameshika kalamu kwa mikono miwili, kiwiko amekibana kwenye mbavu. Kwenye shaba alikuwa ameandika kitu kama njia ya konokono.

"Baba, kataa. Mwambie hutachonga."

"Nikatae niseme nini? Homa nimeshaitumia."

"Sema mlango umekubana kidole."

"Hiyo kaitumia yeye." Alicheka, kisha akaacha. "Unajua, mama, nilikuwa namwonea wivu tangu ujana. Kila nikipokea bamba lake siku hizi najiambia, tazama mwenzako. Umri mmoja, fundi mmoja, yeye mkono uko pale pale. Wewe umekwisha."

Nilikaribia kumwambia nilichokiona dirishani. Nikajizuia. Silaha hiyo naiweka kwa siku yenyewe. Unywele akimsukuma Baba kwenye kiti kile, nitalishusha bamba moja ukutani, nimpe Mwenyekiti, niseme: lielekeze dirishani. Akianguka Baba, wataanguka wawili.

10 Aprili
Mvua. Shangazi amenunua kitambaa kipya cha meza. Nimefanya mazoezi ya sentensi yangu.

12 Aprili
Mvua.

13 Aprili
Siku ya Baba. Ametimiza sabini.

Mvua ilikuwa ikipiga bati kiasi kwamba wageni walikuwa wakisalimiana kwa kupiga kelele. Walikuja wote, viatu vimejaa tope, ukumbi ukanuka nguo mbichi na mafuta ya mashine. Mwenyekiti alikaa chini ya dirisha. Unywele akaingizwa na mkwewe, mkono begani, akawekwa mbele kabisa. Mkwe akaja kukaa karibu na mimi, ukutani, chini ya mabamba. Nikajua nimewekewa mlinzi.

Bamba likafunguliwa. "Kwa Maji, ambaye shaba inamtii." Mwenyekiti akalisoma kwa sauti, wakapiga makofi. Nililiona lilivyong'aa mkononi mwake: upande ule ule usio wa Unywele.

"Haya," alisema Unywele, "sasa mstari."

"Jamani tule kwanza," alisema Baba.

"Tule kwanza? Maji, mimi nimekuja kwa mstari huu, sikuja kwa chakula. Usitunyime. Mkono kama huo mtu hauweki kabatini."

"Mstari! Mstari!" wakasema wengine, wakicheka.

Baba akakaa. Nilikuwa nimemwekea mto wa ngozi, na kalamu niliyoinoa jana. Akautoa mkono chini ya meza. Kwanza watu waliendelea kuzungumza. Kisha kalamu ikagusa ukingo wa bamba, ikaanza kugonga, tik tik tik tik, na waliokuwa karibu wakanyamaza, na wa nyuma yao wakanyamaza, mpaka ikabaki mvua na ule mlio.

Nikasimama. "Mwenyekiti," nikasema.

Mkono ukanishika kiganja, ukanivuta chini. Ulikuwa mkono wa kushoto wa mkwe wa Unywele. Katikati ya kiganja chake nilihisi sugu, ngumu, ukubwa wa punje ya mahindi, pale pale ambapo kichwa cha kalamu hukaa. Mimi ninayo ya aina hiyo, kiganja cha kulia. Haipatikani kwa kufua wala kwa kulima. Inapatikana kwa jambo moja tu.

Nilimtazama. Naye alikuwa akilia.

"Kaa, dada," alininong'oneza. "Nakuomba. Haoni."

"Nani haoni?"

"Baba mkwe. Macho yamekwisha. Hajui kwamba mzee wako anatetemeka. Anamsifu kweli. Kila akipapasa bamba lako anarudi nyumbani anakosa raha, anasema mwenzake bado mzima."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua siku nilipoona mikono yako. Ningemwambiaje?"

Unywele alikuwa ameinua kichwa, anasikiliza. "Nini hiyo inayogonga?" aliuliza. "Bati?"

Hakuna aliyemjibu. Ndipo akasimama mwenyewe, akaupapasa ukingo wa meza, akafuata kitambaa kipya cha Shangazi mpaka kwenye mto, mpaka kwenye mkono wa Baba. Akaufunika kwa wake. Mlio ukakoma.

Nilimwona uso wake ulipobadilika.

"Maji," alisema. "Tangu lini?"

Baba alimtazama kwa karibu, yale macho yaliyokuwa yakitazama pembeni mwa sikio lake. Nadhani hakuwa amemtazama mwenzake hivyo miaka mingi, maana alikuwa akijificha naye.

"Na wewe tangu lini?"

"Mvua ya nne hii."

"Na mimi."

Walikaa hivyo, mkono juu ya mkono. Kisha Unywele akavuta kiti.

"Mimi mkono ninao," alisema. "Wewe macho unayo. Niambie pa kwenda."

"Watu wanatutazama, bwana."

"Mimi siwaoni. Sema."

Wakachonga. Baba aliinamia bamba, Unywele akashika kalamu, na Baba akawa anasema taratibu kama mtu anayemvusha mwenziwe barabara: shuka, shuka, hapo simama, geuza kulia, si huko, kulia kwangu, haya panda. Waliandika neno moja, "Asante." Herufi ya kwanza iliangukia nje ya mstari. Ya tatu walichimba mno. Mkia wa mwisho ulirefuka mpaka ukagusa salamu ya juu. Nimekuwa katika kazi hii tangu utoto na sijawahi kuona mstari mbovu kama ule ukichongwa na watu wazima.

Mwenyekiti alitoa lenzi. Akalipeleka bamba dirishani, akaliinamisha, akautazama ule mstari muda mrefu. Kisha, niliona vizuri, akapandisha lenzi, akaitazama salamu ya juu yake, akaliinamisha bamba upande wa pili. Akageuza kichwa akamtazama mkwe wa Unywele, akanitazama mimi. 

"Mkono haujabadilika," alisema.

Mvua ikapiga. Fundi mmoja mzee mlangoni akakohoa.

"Haujabadilika," akaitikia. Na wengine wote: "Haujabadilika."

Walisema uongo mbele ya macho yangu, watu ambao mkato ukikosea unene wa uzi wanaugundua, na waliusema kwa sauti moja bila kupepesa. Shangazi aliyekuwa amesimama na sinia akauliza, "Sasa mtakula, au mnataka niwachongee na sahani?"

Wakati wa kuondoka Mwenyekiti alinisubiri nje, chini ya upenu.

"Binti, mimi bado nina macho. Wewe na yule mwenzako mje mwezi ujao mchonge mbele ya chama."

"Na alama ya Baba?"

"Baba yako amestaafu leo, na Unywele pia. Ule ulikuwa mstari wao wa mwisho, na tumeushuhudia sote. Fundi aliyestaafu hafutwi."

"Na kazi za miaka hii mitatu?"

Akafungua mwavuli. "Kazi gani?" alisema, akaingia mvuani.

Naandika haya na bado sijui ni huruma au tumetegwa.

14 Aprili
Mvua. Nimemwuliza Baba kwa nini yeye, fundi mkuu, hakuona mabamba yale yameinama kushoto.

"Bamba linataka lishikwe likatulia," alisema. "Mimi nikiliinua dirishani, mwanga wote unacheza. Nilikuwa nalisoma mara moja, kisha namwambia Shangazi yako alitundike juu, nisilione." Akafikiri kidogo. "Miaka mitatu tumeumizana kwa salamu nzuri."

15 Aprili
Jiwe la kunolea limerudishwa, limefungwa kwa gazeti. Halina hata mkwaruzo. Kumbe lao lilivunjika kweli: mzee alilikanyaga.

30 Aprili
Mvua zinapungua. Nimechonga kwa siri mazoezi ya mtihani, kisha nikakumbuka si siri tena. Nikaufungua mlango.

9 Mei
Manyunyu asubuhi, kisha jua. Tumechonga mbele ya chama, mimi nimekaa huku na yeye kule. Fundi mmoja alinyanyua kazi yangu akasema, "Huu mkono nimeuona mahali." Nikaweka kalamu chini. "Sifa njema ya mwalimu wako," akamalizia, akaiweka chini. Tumepewa alama, wote wawili.

Bamba la maktaba ni letu. Mwenyekiti anasema maua ya pembe zinazotazamana yanataka mikono inayotazamana, na chama hakijawahi kuwa na wa kulia na wa kushoto wanaolingana hivi. Ni sifa kubwa. Njiani nimeichunguza pande zote, sijaona doa. Nitaichunguza tena kesho.

20 Mei
Hakuna mvua. Nimetoa sufuria ukumbini.

Leo nimetimiza miaka thelathini na mitano. Sikumwambia mtu, kwa kuwa siku za kuzaliwa zenye mabamba ni za mafundi, na nilisahau kwamba mimi ni fundi. Mchana mkwe wa Unywele aliingia, akaweka kifurushi mezani, akasema ana haraka, akatoka. Ndani kulikuwa na bamba dogo, alama yake mpya kwenye kona: "Kwa dada, ambaye miaka mitatu nilijifunza kutoka kwenye salamu zake, nikidhani namfuata baba yake."

Nililielekeza dirishani. Likang'aa kwa kushoto, mkato mzuri, sina la kusema. Nikaligeuza nitafute kilichofichwa nyuma. Nikaligeuza tena. Nyuma hakuna kitu, ni shaba tupu.

Desturi inataka mstari wa shukrani. Baba akainuka kwenye kiti cha dirishani, akanipisha. Sijawahi kukaa pale. Mtaa mzima unapita mbele ya pua yako. Nikachonga, watu wakipita wakitazama, na Shangazi akiuliza kwa sauti tangu lini mimi nachonga.

Nilipomaliza Baba akaweka lenzi jichoni, akaniambia nimshikie bamba litulie, akainama juu yake. Nikangoja yale maneno mawili... nikajitayarisha kutoyaamini.

"Herufi ya pili imelala," alisema. "Na mkia umeukata mapema. Una haraka ya nini?"

Tangu mikono yake ianze kutetemeka, Baba hakuwa amenikosoa hata mara moja. Kila nilichochonga kilikuwa kizuri mno. Nikalitazama bamba. Kweli, ya pili imelala.